Chuma, akriliki au terazo: hodhi la kuogea linalofaa nyumba zetu

Hodhi la kuogea hununuliwa kwa macho. Mtu huingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, akayakuta yamepangwa ukutani, yote meupe, yote yanang'aa, muuzaji akamtajia bei na basi. Moja linauzwa mara tatu ya jirani yake, na kwa kutazama tu hayana tofauti. Anachagua umbo lililompendeza, analipa, analipakia kwenye kirikuu. Taabu huanza fundi bomba akishaondoka. Maji yanapoa kabla mwenye nyumba hajamaliza kujisugua. Chini panabonyea akisimama. Hita ya lita 50 inaishiwa kabla hodhi halijajaa. Mwaka wa pili weupe ule umeanza kuwa manjano, na pale ilipoangukia chupa ya manukato pamebaki shimo.

Karibu yote hayo yangeweza kujulikana tangu dukani, kwa sababu yanatokana na jambo moja: hodhi lile limeundwa kwa mali gani. Umbo ni suala la mapenzi ya mtu. Kuna la kuwekwa kwenye kona, kuna la kubanwa na kuta tatu likazungushiwa vigae, kuna la kusimama peke yake katikati ya chumba kwa miguu minne iliyochongwa mfano wa miguu ya simba. Lakini malighafi ndiyo inayoamua litadumu miaka mingapi, litakula umeme kiasi gani, na kama sakafu yako italibeba. Nimeandika makala haya kwa sababu nawaona watu wengi wakijenga siku hizi, kwa fedha walizozipata kwa jasho, na wakiliamua jambo hili kwa picha waliyoiona kwenye simu.

Dukani ingia na sumaku ndogo mfukoni. Ikinata ubavuni mwa hodhi, ni chuma kilichofunikwa kwa enameli. Isiponata, ni plastiki ya aina fulani au ni jiwe. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole. Chuma kinene hutoa mlio mzito unaokatika upesi, bamba jembamba hulia kama debe, na plastiki hutoa sauti ya kufa. Weka kiganja: chuma kina ubaridi, plastiki haina. Mwisho pindua hodhi uangalie mgongo wake, kwani mgongoni hakuna mng'ao wa kukudanganya. Hapo utaona kama limeimarishwa kwa nyuzi za kioo na resini kila mahali au limepakwa kidogo tu katikati, na kama lina ubao au fremu ya kulibeba.

Mkongwe kati yao ni hodhi la chuma cha kusubu. Chuma huyeyushwa, kikamiminwa kwenye kalibu ya mchanga, kikatoka kizito, kinene na chenye uso mbaya. Kilichokifanya kifae bafuni ni enameli, ambayo si rangi kama wengi wanavyodhani. Ni kioo. Kioo husagwa kuwa unga. Hodhi huingizwa tanurini hadi liwe jekundu, nyuzi joto za Selsiasi zikikaribia 900, kisha hutolewa, na mfanyakazi akalinyunyizia unga ule kwa chekecheo lenye mpini mrefu. Unga ukigusa chuma unayeyuka pale pale, unatambaa, unashika. Linarudishwa motoni, linatolewa, linanyunyiziwa tena, mpaka ngozi ya kioo itimie na isiwe na tundu hata moja la kupitisha maji kwenda kwenye chuma. Kwa hiyo enameli nzuri haikwaruzwi na kucha wala hainywi madoa, na kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa kioo, hubanduka kipande ikiangukiwa na kitu kizito.

Nchini Marekani kampuni ya Kohler husimulia kwamba mwaka 1883 mwanzilishi wake, John Michael Kohler, alichukua hori la chuma alilokuwa akiwauzia wakulima wa Wisconsin kwa kunyweshea mifugo na kunyonyolea nguruwe, akalitia enameli, akaliwekea miguu minne, akamuuzia mkulima mmoja kwa ng'ombe mmoja na kuku 14. Miaka hiyo hiyo mjini Detroit, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa katika biashara ya vifaa vya mabomba, David Dunbar Buick, alibuni njia yake ya kuishikiza enameli kwenye chuma cha kusubu. Baadaye aliiuza biashara hiyo, fedha akaziingiza kwenye utengenezaji wa injini, na jina lake leo limebaki kwenye magari ya Buick. Wachache wanaoliona gari hilo hufikiria bafu.

Mahodhi ya chuma cha kusubu yaliletwa Afrika Mashariki kwa meli enzi za ukoloni, na mengine bado yapo kwenye nyumba kongwe za serikali, kwenye misheni na hoteli za zamani. Likiwa tupu huwa na kilo 100 hadi 180. Ukilitia maji lita 150 na mtu mzima ndani yake, sakafu inabeba kilo 350 na zaidi mahali pamoja. Zege la kisasa lililofungwa nondo vizuri linaweza kustahimili hayo, ila sakafu ya boriti kwenye nyumba ya Mji Mkongwe Zanzibar, au ya mbao kwenye nyumba ya ghorofa ya zamani, haiongezewi mzigo huo kabla mhandisi hajaitazama.

Kuhusu joto, wauzaji husema nusu ya ukweli. Husema chuma cha kusubu hutunza joto, na ni kweli kikishapashwa. Mwanzoni lakini chuma chenyewe ni baridi na hunyonya joto la maji hadi kilingane nayo. Anayeingia dakika tatu tu hapati faida yoyote. Faida huja kwa anayekaa nusu saa.

Hapa naomba kusema jambo linaloniuma. Nyumba hizo kongwe zinapokarabatiwa, hodhi la chuma ndilo la kwanza kutolewa nje, likavunjwa kwa nyundo na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Hapo hapo mwenye nyumba anakwenda dukani kununua la plastiki litakaloishi miaka 10 likitunzwa. Hodhi la chuma lililochakaa uso linaweza kusafishwa, kupigwa msasa na kupakwa upya rangi ya epoksi inayopulizwa kwa mashine. Kazi hiyo haitarudisha kioo cha tanurini na itahitaji kurudiwa baada ya miaka kadhaa, tena inatoa mvuke mkali unaotaka madirisha wazi na barakoa ya kweli, lakini mwili wa hodhi utabaki kuwa ule ule uliokwishadumu miaka 70. Kama huna haja nalo, mtafute anayelihitaji kabla ya kumwita mwenye toroli la vyuma.

Ndugu yake mdogo ni hodhi la bamba la chuma, ambalo hukandamizwa kwa mashine kubwa hadi lipate umbo, kisha likatiwa enameli tanurini. Lina kilo 40 au 50, na bamba lake huwa na unene wa milimita 2 hadi 3.5. Tofauti ya hiyo milimita moja na nusu ni kubwa kuliko inavyosikika. Bamba jembamba hupinda kidogo mtu anapokanyaga, na kioo kilicho juu yake hakijui kupinda, kwa hiyo hupata nyufa. Palipobanduka huanza kutu, na kutu ya bamba hutoboa upesi. Liwe nene, basi ni hodhi zuri na la bei ya wastani. Liwe jembamba, bora ununue plastiki.

Siku hizi mahodhi mengi madukani ni ya akriliki. Plastiki hii ilianza kuuzwa miaka ya 1930, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyotumika kwa vioo vya vyumba vya marubani wa ndege, kwa kuwa ni nyepesi na haivunjiki vipande vya kukata. Ili kupata hodhi, karatasi ngumu ya akriliki hupashwa moto ikalainika, ikavutwa kwa hewa hadi ikalala ndani ya kalibu, kisha mgongoni ikapakwa nyuzi za kioo na resini. Jambo la kukumbuka ni kwamba karatasi ikivutwa hupungua unene, hasa kwenye pembe za chini, na hapo ndipo miguu ya mtu hukanyaga. Kiwanda kilichoanza na karatasi ya milimita 5 bado kitakuwa na kitu pembeni. Kilichoanza na milimita 3 kitabaki na utando tu. Yapo pia ya plastiki ya bei rahisi yaliyofunikwa kwa ngozi nyembamba ya akriliki juu, nayo huuzwa kwa jina hilo hilo la akriliki. Akriliki halisi haigeuki rangi upesi. Hayo mengine ndiyo yanayokuwa manjano.

Uzuri wa akriliki ni kwamba haiko baridi mwilini, haipitishi joto kwa urahisi, ina kilo 30 hivi, watu wawili wanaipandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu. Mikwaruzo midogo hufutika kwa msasa laini na dawa ya kung'arisha. Ubaya wake ni kwamba haisamehe matunzo mabaya. Waya wa kusugulia masufuria unaitia ukungu ambao hautoki. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha inaila. Na yako makosa mawili yanayofanyika sana kwetu. La kwanza ni kumimina maji yanayochemka moja kwa moja kutoka kwenye sufuria, wakati akriliki huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 100. Tangulia maji baridi, kisha ongeza ya moto, na hapo utakuwa umemwepusha pia mtoto na ajali ya kuungua. La pili ni fundi kulisimamisha hodhi kwa miguu yake minne tu na kuziba kwa vigae. Chini yake panahitaji kitanda cha mchanga na saruji, kilichowekwa kikiwa kibichi ili hodhi likilalie chote. Bila hicho litabonyea kila siku, na siku moja silikoni ya pembeni itaachia, na maji yatakuwa yanashuka kwa jirani wa chini bila wewe kujua.

Faibaglasi tupu, yaani nyuzi za kioo na resini zilizopakwa rangi ngumu juu bila akriliki, ni rahisi zaidi na huchakaa mapema zaidi. Sifa yake moja ni kwamba mafundi wanaotengeneza boti za faibaglasi huko pwani wanaijua vizuri, na ufa wa hodhi kwao ni kazi ndogo kuliko ufa wa boti.

Mahodhi mengine nitayapita haraka, kwa kuwa wachache watayanunua. Ya shaba nyekundu yalipendwa sana Ulaya kabla ya enameli, sababu shaba hufinyangwa kwa nyundo na hupata joto upesi. Jean-Paul Marat, mwanamapinduzi wa Ufaransa, aliuawa Julai 13, 1793 akiwa ndani ya hodhi la shaba lenye umbo la kiatu, alimokuwa akikaa kutwa kupoza ugonjwa wa ngozi. Ya mbao yanatoka Japani, hutengenezwa kwa mti wa hinoki wenye harufu nzuri, mafupi na ya kina, mtu akikaa maji yanamfika mabegani. Ya turubai, ya kukunjwa, yalibebwa na wapagazi kwenye safari za uwindaji za Wazungu katika nyika zetu. Na jakuzi, ambayo kila hoteli inataka kuitangaza, imetokana na jina la ukoo wa Waitaliano waliohamia California na kutengeneza pampu. Mwaka 1956 walitoa pampu ndogo ya kutumbukizwa kwenye hodhi, kwa ajili ya mtoto wa Candido Jacuzzi aliyekuwa na ugonjwa wa baridi yabisi, na mwaka 1968 Roy Jacuzzi akaunganisha pampu na hodhi kuwa kitu kimoja. Kwa mgonjwa wa viungo ni msaada wa kweli. Kwa nyumba ya kawaida, mabomba yale yaliyojificha hubaki na maji ndani, yakaota utelezi, na yanataka kusafishwa kwa dawa mara kwa mara. Kama hutakuwa na muda huo, usiinunue.

Sasa tuzungumze maji, maana hapa ndipo ninapotofautiana na matangazo. Hodhi la kawaida lenye urefu wa sentimita 170 na upana wa 70 hutaka lita 150 hadi 200 ili likufunike. Hizo ni ndoo nane hadi kumi za lita 20, na wengi wetu huoga vizuri kabisa kwa ndoo moja. Ukiwa Dar es Salaam ambako maji ya bombani yana nyuzi 25 au zaidi, kuyafikisha lita 150 kwenye nyuzi 40 kunakula yuniti mbili na nusu za umeme wa LUKU, karibu tatu ukihesabu joto linalopotea njiani. Njombe au Limuru, ambako maji hutoka na nyuzi 16, zitakwenda yuniti nne na ushee. Na hita ikiwa imewekwa nyuzi 60, huko utahitaji lita 80 za maji yake ya moto kuchanganya na ya baridi. Hita ya lita 50 haiwezi. Ndiyo sababu wengi waliofunga hodhi huishia kusimama ndani yake na kuoga kwa bomba la juu, hodhi likabaki kuwa ukingo mrefu wa kuruka kila asubuhi, na kwa mzee mwenye magoti mabovu ukingo wa sentimita 55 ni hatari ya kila siku.

Matumizi ya pili ambayo hayatajwi dukani ni akiba. Mgawo wa maji ukianza, hodhi ndilo hugeuka tangi la nyumba. Lakini hodhi la wazi lenye maji yaliyotulia ni mahali pa mbu aina ya Aedes kutaga. Mbu huyu hupenda maji safi ya ndani ya nyumba, huuma mchana, na ndiye aenezaye homa ya dengi iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Yai hadi mbu kamili ni kama juma moja hivi kwenye joto letu. Isitoshe, mtoto mdogo huzama kwenye maji yasiyofika hata magotini mwa mtu mzima. Ukilifanya hodhi kuwa akiba, litengenezee kifuniko cha mbao kinachokaza, na mlango wa bafu ufungwe kwa komeo la juu.

Wazee wetu wa pwani walilikuta tatizo hili la mbu wakalitatua, na jibu lao liko Lamu hadi leo. Katika nyumba za mawe za karne ya 18, bafuni hujengwa birika la mawe ya matumbawe lililopigwa chokaa laini, kimo chake kikifika kiunoni. Hakuna anayeingia ndani ya birika. Maji huchotwa kwa kata ya kifuu cha nazi, mtu akajimiminia huku amesimama pembeni, na maji machafu yakatoka kwa mfereji. Ndani ya birika huwekwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Na ukichungulia chini kabisa, kwenye sakafu ya birika, utaona bakuli la kaure la Kichina lililopachikwa kwenye plasta, mdomo wake ukiwa sawa na sakafu. Bakuli hilo ni la samaki: birika likikaushwa kwa kusafishwa, maji yanayobaki ndani ya bakuli yanawatosha mpaka birika lijazwe tena. Yeyote aliyebuni hilo aliijua nyumba yake, na mimi sijaona katika duka lolote hodhi lililofikiriwa kwa uangalifu wa namna hiyo.

Birika ni la kuchotea. Lakini pwani ilikuwa na mahali pa kuingia na kujitosa pia, kwa wenye uwezo. Husuni Kubwa huko Kilwa Kisiwani, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, lina bwawa la kuogea la pembe nane lililojengwa kwa mawe na chokaa. Kingo zake bado zinaonekana. Sultani huyo ndiye aliyekuwa madarakani msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Unguja, Sultani Seyyid Said alijenga mabafu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe aliyetoka ukoo wa kifalme wa Uajemi, na plasta ya ndani imechongwa maua, tende na ndege. Mwanawe, Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888 na kuleta maji ya mabomba mjini, alifungua hamamu ya watu wote pale panapoitwa Hamamni, ikiwa imebuniwa na Haji Gulamhussein kutoka Shiraz. Kote huko malighafi ni ile ile: mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuu la magogo, ikazimwa kwa maji na kulazwa shimoni miezi mingi hadi iwe laini. Plasta yake imekaa na maji ya chumvi na ya kunywa kwa karne kadhaa.

Morocco nao wana plasta ya chokaa iitwayo tadelakti, fahari ya mafundi wa Marrakech. Chokaa ikiwa bado mbichi husuguliwa kwa jiwe laini hadi ing'ae, kisha ikasuguliwa kwa sabuni nyeusi ya zeituni. Sabuni na chokaa huungana na kuwa utando usiopitisha maji. Hamamu zao na mahodhi yao yamepakwa hivyo, hakuna kigae hata kimoja, hakuna maungio ya kuota ukungu.

Nayaeleza haya kwa sababu naamini kwamba mtu anayejenga Tanga, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, na ambaye kweli anataka hodhi, asiende dukani kwanza. Amwite fundi wa terazo. Mafundi hao tunao, ndio waliosaga sakafu za shule, hospitali na stesheni zetu ambazo watu wamezikanyaga miaka 50 na bado zinang'aa. Terazo ni saruji iliyochanganywa na vipande vya marumaru, ikasagwa ikishakauka hadi sura ya vile vipande itokeze. Kwa pwani ubaridi wake ni raha. Kwa Njombe au Limuru simshauri mtu, kwa kuwa mwili mzito wa zege utayanyonya maji moto joto lake kabla hajaketi. Huko akriliki nene ndiyo yenye akili.

Faida kubwa ya kulijenga ni kwamba unachagua kipimo. Huna haja ya sentimita 170. Hodhi lenye urefu wa ndani wa 120, upana wa 55 na maji ya kina cha 35 linamtosha mtu mzima kukaa miguu ameikunja kidogo. Mgongo unaweza kulazwa, na ukingo ukafanywa mpana wa kukalia kwanza ndipo mzee aingize miguu. Litakuwa na zaidi ya kilo 600 kabla ya maji, kwa hiyo mahali pake ni ghorofa ya chini, au juu ya zege lililopigiwa hesabu tangu mwanzo.

Fundi na aanze na kitako cha zege chenye wavu wa nondo nyembamba uliopandishwa hadi kwenye kuta, ili kitako na kuta viwe mwili mmoja. Tundu la kutolea maji lifungwe kabla ya zege, na sakafu ya ndani ishuke kulielekea sentimita mbili kwa kila mita. Pembe zote za ndani ziviringwe. Pembe kali hupasuka na hushika uchafu. Zege lifunikwe magunia na kumwagiwa maji kwa siku saba, na hapa usikubali kuharakishwa, kwani mahodhi mengi ya kujengwa yanayovuja yalikaushwa na jua siku ya pili. Ifuate plasta yenye dawa ya kuzuia maji, kisha terazo ya milimita 12 hivi, isagwe kwa mawe ya kuanzia makali hadi laini, matundu yazibwe kwa saruji ya rangi ile ile, isagwe tena. Mwisho ipakwe dawa ya kuziba vinyweleo. Nyumbani waambiwe wote kwamba hodhi hilo halioshwi kwa tindikali, siki wala ndimu, kwa kuwa asidi huila saruji na marumaru vyote viwili. Sabuni ya maji na sifongo vinatosha. Na kama fundi wako anapendelea chokaa, atumie ya dukani. Matumbawe, na mikoko ya kuyachomea, tuyaache baharini, yana kazi yake huko.

Kabla ya kigae chochote kuwekwa pembeni, hodhi lijazwe maji hadi juu, kizibo kikiwa kimekaza, na fundi aweke alama ya penseli pale maji yanapogusa ukuta. Yaachwe saa 24. Maji yakishuka milimita mbili tatu, ni mvuke. Yakishuka zaidi ya hapo, kuna mahali panapovuja, na fungu la mwisho la malipo libaki mkononi mwako mpaka papatikane.